Mashine ya kusoma gari: miezi minane nayo, na boksi la ABS lililosingiziwa

Nianze na kasoro, maana ndiyo iliyonifanya nikaribie kuirudisha mashine hii ndani ya wiki ya kwanza. Ikishindwa kuongea na boksi fulani la gari, yaani kompyuta ndogo inayosimamia sehemu moja ya gari, huandika sentensi moja tu: mawasiliano yameshindikana. Sentensi hiyohiyo utaipata kama gari halikuwekewa boksi hilo tangu kiwandani, kama boksi lipo ila limelala kwa kuwa hujafungua swichi, kama boksi limekufa, na kama njia nzima ya nyaya imekatika. Mambo manne yasiyohusiana, jibu moja. Kwa kifaa kinachojinadi kwamba kinatafuta hitilafu za mawasiliano, huo ni uvivu wa aliyeandika programu, na matoleo mapya matatu yamekuja bila kuugusa.

Hata hivyo bado ninayo, na mwezi huu ni wa nane. Jina la kampuni siliandiki. Ni ile aina ya kishikwambi cha inchi 8 kilichovishwa mpira pembeni, pamoja na kidude cha Bluetooth unachokichomeka kwenye soketi ya pini 16 chini ya usukani. Mashine za daraja hili zimefanana hadi mpangilio wa menyu, kwa hiyo mwenye nyingine anaweza kusoma haya akadhani namsema yeye.

Kabla yake nilikuwa na kile kidude kidogo, saizi ya kiberiti, kinachoongea na simu. Sikitukani. Kwa taa ya injini kinatosha kabisa. Ila kimefundishwa lugha moja tu, ile ya jumla ambayo sheria za moshi ziliwalazimisha watengenezaji wote waiweke, Marekani kuanzia magari ya mwaka 1996 na Ulaya kwa magari ya petroli kuanzia 2001. Lugha hiyo inahusu injini na vinavyochangia moshi. Boksi la breki, la mifuko ya hewa, la usukani, la milango, yote hayo yana lugha za watengenezaji wao, na kidude hakizijui. Kwa hiyo kilipolisoma gari langu kilihoji shahidi mmoja, kikaandika hukumu.

Gari lenyewe ni la 2013. Asubuhi, mita chache baada ya kuondoka, taa ya ABS (mfumo unaozuia magurudumu yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu) ilikuwa inawaka, ya kuteleza inafuata, ya usukani nayo, halafu mshale wa spidi unaanguka hadi sifuri huku gari linatembea. Sekunde mbili tatu, mshale unarudi. Taa zinabaki. Ukizima ukawasha, kimya, siku nzima linakwenda kama halijawahi kuumwa. Kesho asubuhi, palepale, mchezo uleule.

Kidude kilitoa U0121. Programu ya simu ikaongeza ushauri wake: badilisha boksi la ABS. Fundi niliyempelekea alisoma kodi hiyohiyo kwa mashine yake na akasema hivyohivyo, kwa uhakika wa mtu ambaye si yeye atakayelipa. Boksi la ABS si taa ya breki. Limeshikana na pampu na mabomba ya mafuta ya breki, likitoka lazima utoe upepo kwenye breki zote, na jipya lazima lifundishwe liko kwenye gari gani. Nikasema ngoja.

(Najua neno sahihi ni msimbo. Lakini hakuna fundi aliyewahi kuniambia gari lina msimbo, wote husema kodi, na nitasema kodi ingawa kwa wengi wetu neno hilo huleta sura ya mwenye nyumba mlangoni.)

Herufi ya kwanza ya kodi hukuambia mtaa: P ni injini na gia, C ni chasisi, yaani breki na usukani, B ni bodi, na U ni mtandao unaoyaunganisha maboksi. Sifuri ikifuata U, maana yake ni ya wote, ikifuata 1 mara nyingi ni ya mtengenezaji mwenyewe. U0100 ni kutosikika kwa boksi la injini, U0101 ni la gia, U0140 la bodi, U0155 la dashibodi, na U0121 ni hili langu la ABS. Zisome tena kwa makini. Hakuna hata moja inayosema boksi fulani limeharibika. Kila moja ni malalamiko ya boksi jingine: nilikuwa nasubiri taarifa za fulani, hazikuja kwa wakati. Anayetajwa kwenye kodi siye aliyeiandika. Hilo ndilo jambo ambalo kidude changu na fundi wangu walilipita mbio, na ndilo lililonifanya nitafute mashine inayoweza kuuliza kila boksi, mojamoja.

Kwenye kuuliza, mashine hii ni nzuri kweli. Unaingiza namba ya chasisi au unaiacha iisome yenyewe, unabonyeza uchunguzi wa gari zima, na kwa gari langu inamaliza maboksi 14 ndani ya dakika moja na nusu hivi. Kisha inakupa orodha: nani ameitika, ana kodi ngapi, zipi ni za sasa na zipi ni za zamani. Injini: U0121. Gia: U0121. Usukani: U0121. Dashibodi: U0121. Wanne, wimbo mmoja.

Hapo nikafanya upumbavu. Kitufe cha kufuta kodi zote kwenye ukurasa huo ni kikubwa, cha rangi ya chungwa, kipo pale ambapo kidole gumba hukaa ukishika kishikwambi kwa mkono mmoja. Sikukigusa kwa bahati mbaya, nisiseme uongo, nilikigusa kwa hamu ya kuona kama zitarudi. Mashine inauliza mara moja tu, unakubali, na ushahidi wote umekwenda, pamoja na kodi za boksi la ABS lenyewe ambazo nilikuwa sijazifungua. Kitufe cha kuhifadhi ripoti kipo, kidogo, kwenye menyu ya vitone vitatu. Aliyepanga ukurasa huo hajawahi kutafuta hitilafu inayotokea mara moja kwa siku.

Nikasubiri asubuhi mbili. Ya pili ikaja. Safari hii nilihifadhi kwanza, kisha nikafungua boksi la ABS, na humo palikuwa na kodi moja ya C ikisema volti ya kuliendesha ilishuka chini mno. Mlalamikiwa naye alikuwa na lake la kusema, na hakuna aliyemuuliza.

Sasa niweke wazi mimi ni nani kwenye mambo haya. Siyo fundi magari. Kwa miaka 22 nimetengeneza redio na amplifaya, kwa hiyo nyaya mbili zilizosokotwa hazinitishi. Mtandao wa CAN, ambao Bosch waliutangaza mwaka 1986 na Mercedes-Benz wakauweka kwenye gari lao kubwa la 1991, ni hivyo tu: waya wa juu na waya wa chini, mmoja ukipanda mwingine unashuka. Mtandao ukiwa kimya zote zinakaa volti 2.5. Boksi likisema, wa juu unakwenda 3.5 na wa chini 1.5. Kelele za koili au za altaneta zikiingia zinaziingia zote mbili sawasawa, na msikilizaji anayepima tofauti tu hazisikii. Kila boksi limening'inia kwenye nyaya hizohizo, kila neno linasikika na wote, na wawili wakianza kusema pamoja, mwenye namba ndogo ndiye anayeendelea na mwingine ananyamaza mwenyewe akingoja zamu. Laiti vikao vyote vingekuwa hivyo.

Kila mwisho wa njia hiyo una rezista ya omu 120. Mbili zikiwa sambamba unapata 60. Ndiyo maana kipimo cha kwanza hakihitaji mashine yoyote: zima gari, ngoja maboksi yalale, toa betri, weka multimita (kipimo cha kawaida cha volti na omu) kati ya pini ya 6 na ya 14 kwenye soketi. Ukipata 60, nyaya zina ncha zote mbili. Ukipata 120, ncha moja imepotea, waya umekatika mahali. Ukikaribia sifuri, nyaya zimegusana. Ukipata 40, kuna mtu ameongeza rezista ya tatu, mara nyingi pamoja na kifaa cha kununua. Langu lilisoma 60.4. Swichi ikiwa wazi, wa juu ulisoma volti 2.6 na wa chini 2.3. Hizo ni wastani, maana multimita haiwezi kukimbizana na mtandao wa biti 500,000 kwa sekunde, lakini jumla yake inakaribia 5 na hiyo ni dalili njema. Njia ilikuwa nzima. (Magari mengine yana boksi la lango kati ya soketi na mtandao wa ndani, na hapo kipimo hiki kinakuonyesha kipande kidogo tu cha njia. Langu halina.)

Ukurasa ulionifanya niisamehe mashine hii ni ramani. Inachora mtandao wa gari kama mti ulioanguka ubavu, kila boksi mstatili wake, kijani kwa aliyeitika bila kodi, chungwa kwa mwenye kodi, nyekundu kwa asiyeitika. Nilidhani ni pambo la tangazo. Inajisasisha kila sekunde chache, na unaweza kuiacha wazi huku ukitikisa nyaya. Nilitikisa kila kitu nilichokifikia chini ya boneti. ABS ilibaki chungwa, tulivu, ikinitazama.

Kilichonifungua macho ni ile saa ya tatizo: asubuhi, mita chache baada ya kuondoka. Magari mengi yenye ABS hujipima yenyewe safari ya kwanza, yakifika mwendo mdogo, kwa kuizungusha pampu ya ABS mara moja. Ukizima redio utaisikia, mgurumo mfupi mbele ya miguu. Pampu ile hula umeme mwingi kwa kitambo kidogo. Nikajiuliza, na kama mnyonge si boksi, bali ni umeme wake?

Mashine hii inaweza kutoa amri, siyo kusoma tu. Kwenye boksi la ABS kuna kipimo cha kuwasha pampu gari likiwa limesimama. Nikabonyeza. Pampu ililia nusu sekunde ikanyamaza, taa za dashibodi zikawaka zote, na niliporudi kwenye ramani mstatili wa ABS ulikuwa mwekundu. Kisha ukarudi chungwa. Nikarudia mara tatu. Mara tatu vilevile. Hitilafu niliyokuwa naisubiri asubuhi kwa asubuhi sasa ilikuwa inakuja ikiitwa.

Baada ya hapo mashine ilikuwa imemaliza kazi yake na multimita ikaanza. Ncha moja kwenye waya wa ethi, ule unaorudisha umeme kwenye betri, wa boksi la ABS, ncha ya pili kwenye kichwa hasi cha betri, kitufe cha kushika kilele kikiwa kimewashwa kwa sababu jambo lenyewe ni la nusu sekunde. Pampu ikiwa imelala: volti 0.04. Pampu ikiitwa: 3.1. Yaani volti tatu nzima zilikuwa zinaliwa na waya ambao haupaswi kula hata robo ya volti moja. Boksi lililotakiwa kupata 12 lilibakiwa na kama 9, likapoteza fahamu, likaamka tena. Wenzake wanne waliokuwa wanangoja taarifa za magurudumu hawakusikia kitu kwa muda huo, wakaandika U0121, na dashibodi, inayopata spidi kutoka ABS, ikaangusha mshale.

Nati ya ethi ipo chini ya trei ya betri. Betri iliyopita iliwahi kuvuja, na asidi ilikuwa imeteremka hapo na kuacha ukungu wa kijani kati ya kishikizo cha waya na bati la bodi. Ukipima kwa omu bila mzigo unapata 0.3, namba ambayo ingemridhisha mtu yeyote. Mimi ilinidanganya kwa siku nzima, na miaka yote ya amplifaya ilipaswa kunikumbusha kwamba muunganisho mbovu huonekana ukibebeshwa. Nikafungua kwa spana ya 10, msasa, nikabana, nikapaka grisi juu. Pampu ikiitwa: 0.09. Nikafuta kodi, safari hii nikijua ninafuta nini. Hiyo ilikuwa miezi saba iliyopita na boksi la ABS ni lilelile la kiwandani.

Je, ningeweza bila mashine? Ningesubiri asubuhi nyingi sana.

Kisa cha pili ni kifupi na kinaipunguzia alama. Shemeji alinipigia gari lake limegoma kuwaka, dashibodi imejaa taa.

"Shem, njoo na ile tablet yako ituambie linaumwa nini."

Nilikwenda nayo. Mawasiliano yameshindikana. Kila boksi, mwekundu. Ramani nzima ilikuwa kama nguo iliyomwagikiwa rangi, na chini yake mashine ikanishauri nihakikishe swichi iko wazi. Ilikuwa wazi. Hapa ndipo ile sentensi moja inapoudhi, kwa sababu mtandao ukifa wote mashine haina la kusema na haikuelekezi hata hatua ya kwanza. Nikaiweka kitini. Pini ya 16 ilikuwa na umeme, ya 4 na ya 5 ethi nzuri, kwa hiyo soketi yenyewe ilikuwa hai. Tukatoa betri, nikapima 6 na 14: omu 2. Nyaya zimegusana.

"Shem, umeweka nini kipya humu?"

"Hamna kitu. Redio tu."

Redio tu. Redio zile zenye kioo kikubwa huja na kiboksi kinachodokoa nyaya za CAN ili vitufe vya usukani vifanye kazi. Aliyeifunga alisukuma fungu la nyaya nyuma, likabanwa na pembe ya chuma hadi ganda likachubuka. Nilipochomoa plagi ya kiboksi hicho multimita iliruka hadi 60, na betri iliporudi gari likawaka. Mashine ikapata kazi mwishoni tu, kufuta kodi 31 ambazo maboksi yalikuwa yameandikiana wakati wa giza. Zote za U, na hakuna hata moja iliyotaja redio.

Mengine nayataja haraka. Betri yake inanitosha jioni moja ya kazi. Kidude cha Bluetooth ukikisahau kwenye soketi usiku, baadhi ya magari hayalali vizuri, na asubuhi utakuta betri ya gari imechoka na rundo la kodi za U zilizozaliwa na volti ndogo ya kuwashia. Nimejifanyia hivyo mara moja, nikawinda mzimu nilioufuga mwenyewe. Gari la zamani lenye laini ya pini ya 7 linasomeka pia, polepole. Baadhi ya magari ya kundi la Fiat Chrysler (tangu 2021 ni sehemu ya Stellantis) kuanzia ya 2018 yana boksi la ulinzi langoni, utasoma lakini kufuta au kuamuru kunataka akaunti iliyosajiliwa. Lugha za menyu ni nyingi na Kiswahili hakimo. Tafsiri ya maana za kodi kwa Kiingereza yenyewe ina makosa, na "ushauri wa matengenezo" unaokuja chini ya kila kodi ya U unapaswa kufunikwa kwa utepe mweusi, kwa sababu karibu mara zote unaanza na kubadilisha boksi lililotajwa.

Haina oskiloskopu, kile kifaa kinachochora mawimbi ya umeme kwenye kioo. Kwa mtandao unaokatikakatika kwa chembe za sekunde, hilo ni pengo la kweli, na multimita haitaliziba. Anayefanya kazi hii kila siku aangalie mashine ya daraja la juu, au anunue oskiloskopu ndogo pembeni.

Alama zangu: ramani na amri za kuwasha vifaa, tisa kwa kumi. Uchunguzi wa gari zima, nane. Ujumbe wa kushindwa kuunganika, moja, na hiyo moja ni kwa sababu angalau tahajia iko sawa. Haki ya kupata matoleo mapya inaisha miezi minne ijayo, mashine itaendelea kusoma ila haitajifunza magari mapya. Sitailipia tena. Magari ya ukoo wetu yote inayajua tayari, na kitufe kile cha chungwa nimekibandikia kipande cha plasta.